Mistari Mingi Katika Grafu Moja: Kinachofanywa na Kitanzi na Kisichofanywa

Takwimu za mvua za Mkoa wa Dodoma zikipangwa kwa wilaya, jedwali lake huwa na safu saba: Bahi, Chamwino, Chemba, Dodoma, Kondoa, Kongwa na Mpwapwa. Anayetaka kuziona wilaya zote katika grafu moja ana njia mbili. Anaweza kuandika amri ya kuchora mstari wa Bahi, akainakili mara sita, kisha akabadilisha jina la wilaya katika kila nakala. Au anaweza kuiandika amri hiyo mara moja tu na kuiweka ndani ya kitanzi, yaani lupu, ambacho kitapita katika orodha ya wilaya moja baada ya nyingine na kuchora mstari wa kila mojawapo. Njia ya kwanza hufanya kazi mpaka siku mwandishi anapobadilisha jina la safu na kusahau kubadilisha jina linaloandikwa kwenye ufunguo, yaani kisanduku kinachoeleza kila mstari ni wa nani. Hapo grafu hutoka ikiwa na Kongwa mbili na bila Mpwapwa, na kwa kuwa kompyuta haioni kosa lolote katika amri hizo, hakuna onyo litakalotolewa.

Kitanzi huondoa kosa la aina hiyo, kwa sababu jina linalochagua data ndilo hilohilo linaloandikwa kwenye ufunguo. Hata hivyo wengi wanaoanza hukwama, na kinachowakwamisha si kitanzi chenyewe, ambacho ni mistari miwili ya msimbo. Hukwama katika kuamua ni amri zipi zitangulie kitanzi, zipi zikae ndani yake na zipi zifuate baada yake. Jambo hilo likishaeleweka hubaki lingine lililo gumu zaidi: kitanzi huchora mistari saba au sabini kwa juhudi ileile, wala hakijui ni mstari upi ambao msomaji anapaswa kuuona.

Mfano ufuatao umeandikwa kwa lugha ya Python na maktaba mbili, yaani mikusanyo ya amri zilizokwisha kuandikwa, zinazotumika sana na wanafunzi wa takwimu na maofisa mipango: pandas, ya kusoma na kupanga majedwali, ambayo Wes McKinney alianza kuiandika mwaka 2008, na Matplotlib, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2003 na John D. Hunter, mtafiti wa Marekani aliyekuwa akishughulika na mishipa ya fahamu na aliyehitaji chombo cha kuchorea vipimo vyake.

```
import pandas as pd
import matplotlib.pyplot as plt

mvua = pd.read_csv("mvua_dodoma.csv", index_col="mwezi")

karatasi, eneo = plt.subplots()

for wilaya in mvua.columns:
    eneo.plot(mvua.index, mvua[wilaya], label=wilaya)

eneo.set_ylabel("Mvua kwa milimita")
eneo.legend()
plt.show()
```

Amri inayoandaa karatasi na eneo la kuchorea imewekwa kabla ya kitanzi, kwa sababu karatasi ni moja kwa wilaya zote. Ikiingizwa ndani ya kitanzi, kila mzunguko huanza na karatasi mpya, na mwandishi aliyetarajia grafu moja yenye mistari saba hupata grafu saba zenye mstari mmoja mmoja. Matplotlib huvumilia hali hiyo kimya mpaka karatasi zilizo wazi zipite 20, ndipo hutoa onyo kwamba kumbukumbu ya kompyuta inaweza kujaa. Ndani ya kitanzi kumebaki amri moja tu, ya kuchora na kutaja jina, ambayo ndiyo pekee inayobadilika kutoka wilaya hadi wilaya. Lebo ya mhimili wa wima huandikwa mara moja tu, hivyo imewekwa nje; ufunguo na amri ya kuonyesha vimekuja baadaye kwa kuwa vinahitaji mistari yote iwe imeshachorwa. Amri ya kuonyesha ikiingia ndani, dirisha hufunguka likiwa na mstari wa Bahi peke yake, na programu husimama ikisubiri dirisha hilo lifungwe kabla ya kuendelea na Chamwino.

Katika Python mpaka wa ndani na nje ya kitanzi huwekwa kwa nafasi tupu mwanzoni mwa mstari wa msimbo, kwa kawaida nafasi nne, na kosa la nafasi hizo ndilo chanzo cha sehemu kubwa ya malalamiko kwamba grafu imekataa. Mstari uliosogezwa ndani bila kukusudia huwa sehemu ya kitanzi, na uliorudishwa nje hutekelezwa mara moja tu, kwa thamani ya mwisho iliyobaki. Ndiyo maana, kitanzi kikiwa na amri nyingine ndani yake, anayeiacha amri ya kuchora nje hupata mstari wa Mpwapwa peke yake, wilaya ya mwisho katika orodha, akabaki kujiuliza nyingine sita zimekwenda wapi.

Kanuni hiyo ya kabla, ndani na baada haibadiliki kutoka programu moja hadi nyingine, ila kila programu ina mtego wake. Katika MATLAB, kila amri ya kuchora hufuta kilichokuwapo, kama mwalimu anayefuta ubao kila anapomaliza mchoro mmoja, mpaka aambiwe kwa amri ya `hold on` aache vilivyotangulia. Katika gnuplot kitanzi hukaa ndani ya amri ya kuchora yenyewe, `plot for [i=2:8]`, na anayekizungusha kwa nje hubaki na mstari wa mwisho tu. Mtego wa R ni mbaya kuliko hiyo miwili kwa sababu hauonekani: amri ya `plot` huchora mfululizo wa kwanza na kupanga urefu wa mhimili wa wima kwa mfululizo huo peke yake, kisha amri ya `lines` iliyo ndani ya kitanzi huongeza mingine. Ikiwa wilaya ya pili ilipata mvua kubwa kuliko ya kwanza, kilele chake hukatwa juu ya grafu bila neno lolote. Dawa yake ni kutafuta kipimo kikubwa kuliko vyote kabla ya kuchora chochote na kuupanga mhimili kwa kipimo hicho, au kutumia `matplot`, ambayo hufanya hesabu hiyo yenyewe.

Mpaka hapa data imedhaniwa kuwa safi, jambo ambalo kwa takwimu za halmashauri ni nadra. Mkoa wa Dodoma una wilaya saba lakini halmashauri nane, kwa sababu Kondoa ina Halmashauri ya Mji na Halmashauri ya Wilaya. Faili lililopangwa kwa halmashauri linaweza kuwa na safu mbili zenye kichwa “Kondoa”, na pandas, ili kuzitofautisha, huibatiza ya pili “Kondoa.1”, jina ambalo kitanzi hulipeleka moja kwa moja hadi kwenye ufunguo wa grafu itakayowekwa mbele ya kikao. Faili likiwa limepangwa kwa urefu, yaani kila kipimo katika mlalo wake pamoja na jina la mahali, hali huwa mbaya zaidi: kitanzi kinachogawa data kwa majina huunganisha Kondoa mbili kuwa moja, kila mwezi ukawa na vipimo viwili, na mstari ukapanda na kushuka kama meno ya msumeno. Mstari wa namna hiyo usichukuliwe upesi kuwa ni tabia ya mvua. Mara nyingi ni vitu viwili vilivyopewa jina moja.

Wilaya ya Chemba nayo ilimegwa kutoka Kondoa mwaka 2012, hivyo katika grafu ya miaka mingi mstari wake huanza katikati, na mstari wa Kondoa unaweza kushuka ghafla hapohapo, iwapo kinachochorwa ni jumla kama vile mavuno au idadi ya wanafunzi. Kitanzi hakina namna ya kujua hilo. Mwandishi ndiye anayepaswa ama kuziunganisha wilaya hizo mbili kwa miaka yote, ama kuweka alama kwenye grafu inayoonyesha mahali mpaka ulipobadilika.

Mhimili wa mlalo unastahili kuangaliwa kwa makini kuliko yote, kwa sababu mistari yote ya kitanzi huutumia kwa pamoja, na ukikosewa imekosewa yote. Mvua za Kanda ya Kati ni za msimu mmoja, unaoanza kati ya Novemba na Desemba na kuisha Aprili, baada ya hapo hufuata kiangazi kirefu. Grafu inayoanza Januari na kuishia Desemba huukata msimu huo vipande viwili, mwisho wake ukawa upande wa kushoto na mwanzo wake upande wa kulia, huku katikati kukiwa na bonde tupu. Inafaa zaidi mwaka wa grafu uanze Oktoba na kuisha Septemba, na kila mstari upewe jina la msimu, kwa mfano 2015/16. Hilo halipatikani kwa kuandika majina ya miezi tu. Majina ya miezi yakiwa maandishi, Matplotlib huyapanga kwa kufuata lilivyotokea kwanza kila mojawapo. Ikiwa data ya kila wilaya iko katika faili lake, na faili la kwanza halina kipimo cha Desemba, basi Desemba itasubiri mpaka faili la pili na kuwekwa mwisho kabisa, baada ya Septemba. Miezi ipewe namba, Oktoba ikiwa 1 na Septemba 12, ndipo majina yaandikwe juu ya namba hizo kitanzi kikishamaliza.

Kosa la jinsi hiyo huwapata pia wanaochora takwimu za sensa. Sensa za Tanzania baada ya uhuru zimefanyika mwaka 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022, na kati ya ile ya 1988 na ya 2002 kuna miaka 14, si 10. Miaka hiyo ikiwa vichwa vya safu katika faili la CSV, yaani jedwali lililohifadhiwa kama maandishi yanayotenganishwa kwa koma, pandas huisoma kama maandishi, na mhimili huipanga kwa nafasi zilizo sawa. Miaka 14 ya ongezeko la watu hubanwa katika upana wa miaka 10, na mistari ya mikoa yote huonekana kupanda kwa ukali zaidi katika kipindi hicho kuliko ilivyokuwa kweli. Mkoa wa Dodoma ulikuwa na watu 2,083,588 mwaka 2012 na 3,085,625 mwaka 2022; mpando wa namna hiyo haupaswi kulinganishwa kwa macho na wa kipindi kilichotangulia kabla miaka haijageuzwa kuwa namba.

Nafasi tupu katika data ni suala jingine linalodai uamuzi wa mtu. Sifuri ya Julai mjini Dodoma ni kipimo halali, kwani mvua haikunyesha. Nafasi tupu ya Januari maana yake ni kwamba kipima mvua hakikusomwa au daftari limepotea, na anayeijaza sifuri ili kitanzi kisilalamike ametengeneza ukame usiokuwapo. Matplotlib ikiachiwa nafasi tupu hukata mstari mahali hapo, na ukatikaji huo, ingawa haupendezi, ndio ukweli wa data.

Rangi huanza kusumbua pale mistari inapozidi kumi. Tangu toleo la 2.0 la mwaka 2017, Matplotlib hutumia rangi kumi kwa zamu, na ya kumi na moja hurudia ya kwanza. Wilaya saba za Dodoma hazina tatizo. Zikiongezwa tano za Singida, yaani Ikungi, Iramba, Manyoni, Mkalama na Singida, mistari huwa 12, na kwa mpangilio huo Mkalama huvaa buluu ya Bahi na Singida huvaa rangi ya chungwa ya Chamwino. Jambo la busara hapo ni kutumia sifa mbili badala ya moja: mistari ya Dodoma iwe mizima na ya Singida iwe ya vistari vilivyokatika, hivi kwamba hata grafu ikitolewa nakala nyeusi na nyeupe, kama inavyokuwa katika makabrasha mengi ya vikao, mikoa miwili bado itatambulikana.

Wapo wanaoamua kuchukua rangi kutoka katika mpangilio wa rangi zinazofuatana, kama ule unaoitwa viridis, unaotoka zambarau iliyokolea hadi njano. Hapa kuna mtego ambao hata wazoefu huangukia. Mpangilio huo ukipewa namba yenye desimali kati ya 0 na 1 huelewa kuwa ni sehemu ya safari kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukipewa namba nzima huelewa kuwa ni nafasi katika orodha yake ya rangi 256. Anayeupa 0, 1, 2 hadi 6 kwa wilaya zake saba hupata rangi saba za mwanzo wa orodha, zote zambarau, na jicho haliwezi kuzitenganisha. Namba ya mzunguko inabidi igawanywe kwa idadi ya mistari kasoro moja. Lakini hata jambo hilo likifanyika sawasawa, linafaa tu pale mistari yenyewe ina mpangilio, kama misimu inayofuatana. Kwa wilaya halifai, kwa sababu hakuna maana yoyote ya Bahi kuwa “kabla” ya Kongwa isipokuwa alfabeti.

Kuhusu ufunguo, maoni yangu ni kwamba ukizidi majina matano huwa adhabu kwa msomaji, anayelazimika kupeleka macho kwenye kisanduku na kuyarudisha kwenye mstari mara nyingi. Ushauri wa kawaida ni kuandika jina mwishoni mwa kila mstari, amri ambayo huongezwa ndani ya kitanzi bila shida. Ushauri huo ni mzuri kwa bei na kwa idadi ya watu, lakini kwa mvua ya kila mwezi ya Dodoma haufai hata kidogo: ifikapo Juni wilaya zote ziko kwenye sifuri au karibu yake, na majina saba huandikwa moja juu ya jingine.

Njia bora katika hali hiyo ni kubadilisha kinachochorwa. Badala ya mvua ya kila mwezi, kitanzi kinaweza kuchora jumla inayokusanyika tangu Oktoba, ambayo katika pandas hupatikana kwa kuongeza `.cumsum()` baada ya jina la safu. Mistari sasa haishuki. Hupanda wakati wa mvua na kulala wakati mvua imekoma, na mwishoni kila mmoja husimama kwenye jumla ya msimu wake, majina yakapata nafasi. Tena grafu hiyo husema mengi zaidi kwa mkulima wa mtama au alizeti, kwa sababu huonyesha mvua zilianza lini. Vipimo vikiwa vya siku badala ya mwezi, huonekana pia ni wapi katikati ya msimu mstari ulilala kwa majuma kadhaa huku mazao yakiwa shambani. Tahadhari ni moja: `.cumsum()` huruka nafasi tupu na kuendelea na hesabu, kwa hiyo Januari iliyopotea huhesabiwa kana kwamba ilikuwa sifuri, na mstari wa wilaya hiyo hubaki chini ya stahili yake hadi mwisho. Wilaya yenye pengo katikati ya msimu ni afadhali iachwe nje ya grafu ya aina hii, na iachwe kwa maandishi.

Misimu ikiwa mingi, tuseme 30 ya kituo kimoja, hakuna rangi wala jina litakalosaidia. Hapo kitanzi hupewa sharti: kila msimu uchorwe kwa kijivu chepesi, isipokuwa ule unaozungumziwa, ambao huchorwa kwa rangi iliyokolea, ukawa mnene na juu ya mingine. Msimu wa 1997/98, wa mvua za El Niño ambazo watu wengi wa Tanzania bado wanazikumbuka, ukichorwa hivyo hupimwa dhidi ya wenzake wote kwa mtazamo mmoja, bila msomaji kuhitaji kujua mstari upi wa kijivu ni wa mwaka gani.

Bei za soko la nafaka la Kibaigwa huleta tatizo la vipimo visivyolingana. Karanga kwa kilo ni ghali kuliko mahindi na mtama, na zikichorwa pamoja mistari ya nafaka hulala chini, mabadiliko yake yasionekane. Wengi hukimbilia kuweka mhimili wa pili wa wima upande wa kulia, suluhisho ambalo silipendi, kwa kuwa mchoraji anaweza kuifanya mistari miwili ikutane popote anapotaka kwa kubadilisha vipimo vya mhimili mmoja. Ni afadhali ndani ya kitanzi kila bei igawanywe kwa bei ya mwezi wa kwanza na kuzidishwa kwa 100, ili mazao yote yaanzie mahali pamoja na kinacholinganishwa kiwe ni kasi ya kupanda au kushuka. Mwezi wa kwanza huo uchaguliwe kwa uangalifu na utajwe kwenye grafu, kwani ukiwa ni wa mavuno, wakati bei ziko chini, kila zao litaonekana limepanda.

Ikiwa baada ya yote hayo mistari bado imesongamana, mistari hiyo itenganishwe. Kitanzi kilekile hupewa maeneo madogo mengi katika karatasi moja, kila wilaya ikapata chumba chake, na katika kila chumba wilaya nyingine huweza kurudiwa kwa kijivu nyuma ya mstari wenyewe. Lililo la lazima ni kuandika `sharey=True` wakati wa kuandaa maeneo hayo, kwa sababu bila hilo kila chumba hujipangia urefu wake wa mhimili, na wilaya iliyopata nusu ya mvua ya jirani yake hujaza chumba chake hadi juu sawasawa na jirani huyo.